Blanketi la Koko Huwekwa Mwisho

Katika kanisa letu pale Point, Durban, mimi ndiye ninayeitwa kila kijana anapotaka kuoa na kila baba anapotaka kuozesha. Siku tano za juma ninasukuma maboksi ya samaki ndani ya ghala la barafu kule Mobeni, nimejifunika koti zito mpaka macho tu ndiyo yanaonekana. Jumamosi ninavaa suti ya bluu na kuwa kinywa cha familia za watu kwenye mazungumzo ya mahari. Mimi ni msemaji. Kazi hiyo nimeifanya tangu Bukavu, kwetu Kongo, nikiwa bado na nywele nyeusi, na nasema bila haya kwamba naiweza.

Ina sheria zake. Ya kwanza, mwenye binti hasemi. Hata kama ni mwalimu, hata kama ana ulimi mkali kuliko wangu, siku hiyo atakaa kwenye kiti chake kimya na mimi nitamsemea. Ukijisemea mwenyewe, ukikataliwa umekataliwa wewe. Nikikataliwa mimi, yamekataliwa maneno tu, na maneno yanaweza kubadilishwa. Ya pili, unaanza na makubwa. Unataja ng'ombe wengi mpaka upande wa pili waanze kushika vichwa. Ukishataja, unanyamaza. Hapo ndipo wasiojua kazi huharibu: wanaogopa ukimya, wanaujaza wao wenyewe, wanajipunguzia kabla hawajaombwa. Mimi nikishataja ng'ombe naweza kunywa soda nzima bila kutamka neno, mpaka wao waseme.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda zaidi. Kile kitu ambacho familia inakitaka kwa moyo wote unakiweka mwisho kabisa. Kwetu mara nyingi ni blanketi la koko, bibi yule aliyemlea msichana. Si kitu kikubwa. Lakini ukilitaja kwanza, watalishindania bei kama kitu kingine chochote. Ukilitaja mwisho, baada ya wao kukataa ng'ombe sita na mbuzi wanne, watalitoa kwa haraka kwa sababu wameona aibu. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona watu wakikataa blanketi la koko.

Naeleza haya yote ili ieleweke nilichomfanyia binti yangu, na nilichomfanyia bibi mmoja wa mbali ambaye sikuwahi kumshika mkono.

Kabla ya mafuriko tuliishi bondeni, karibu na mto, familia kadhaa za Kongo zilizochanganyika na majirani Wazulu. Mama yangu alikuwa na rafiki pale, mama mzee Mzulu, na hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Kila asubuhi walikaa kwenye kivuli cha ukuta wakimenya maharage kwenye beseni moja, kila mmoja akisema kwa lugha yake, na kwa namna fulani walijua habari za watoto wa kila mmoja. Usiniulize walielewana vipi. Maji yalipokuja yalichukua nyumba zote za mstari wetu, lakini watu tuliokolewa karibu wote, na nakumbuka nikisema kanisani kwamba Mungu ametuacha tukiwa wazima. Nilikuwa mjinga. Ndani ya wiki mbili tulikuwa tumetawanyika. Wengine walipelekwa kwenye ukumbi wa shule, wengine kwenye vibanda vya mabati upande wa pili wa mji, na sisi wageni tuliambiwa na wale wenye orodha ya kupewa makazi kwamba orodha hiyo si yetu. Mwenzetu mmoja wa kanisa alitupatia chumba ghorofa ya tisa, South Beach.

Watu wa likizo hulipa kuona bahari kutoka pale juu. Mama aliweka kiti chake mbele ya dirisha kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka, na bahari hakuitazama. Alitazama chini, barabarani, akitafuta mtu wa kumjua. Kila asubuhi aliuliza swali lilelile: "Batu iko wapi?" Mwanzoni tulimjibu, tukamtajia watu walikopelekwa. Baadaye tulichoka kujibu, nasema ukweli, tukawa tunamletea chai badala ya jibu. Alikufa mwezi wa tano tangu tuhamie pale juu. Karatasi ya hospitali ilisema moyo. Mimi nasema mama hakuuawa na maji wala na moyo, aliuawa na kutawanywa, na binti yangu aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja alilijua hilo kabla yangu.

Ndiyo maana, alipoanza kuniambia habari za Aktiki, kule kaskazini kabisa kwenye barafu, ningepaswa kusikiliza tangu mwanzo. Badala yake nilicheka. Nilimwambia kama anataka barafu aje Mobeni, iko ya kutosha, na atapewa na koti. Hakucheka. Aliweka simu mezani, kati ya sahani ya fufu na sahani ya makayabu, samaki wetu wa chumvi, akaniambia nisikie.

Ilikuwa sauti ya msichana wa rika lake. Walikuwa wamekutana kwenye kikundi cha simu cha vijana ambao makwao yameharibiwa na maji. Alisema kwa Kiingereza cha polepole, na binti yangu akanitafsiria. Kijiji chao kiko ukingoni mwa bahari ya kaskazini, juu ya udongo ambao tangu babu zao ulikuwa umeganda kama jiwe. Sasa unayeyuka. Zamani barafu ilikuwa ikifunga bahari mapema na kuikinga pwani na mawimbi, siku hizi inachelewa, na mawimbi yanakula ardhi hatua kwa hatua. Nyumba ya bibi yake imeinama. Wakubwa wa nchi yao wamekubali kwamba kijiji kihame, lakini hawajasema kama watu watahamishwa pamoja, mahali pamoja, au kila familia itatafutiwa nafasi pale itakapopatikana. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu mzee akikohoa. Nikaacha kula.

Vijana wa kaskazini walikuwa wanaandaa mkutano wa mitandaoni, wao pamoja na wenzao wa nchi nyingine, ili waandike madai ya kulinda Aktiki na watu wake. Madai hayo yangepelekwa kwenye meza ya serikali zinazogawana bahari ile. Kila kikundi kingepata dakika tatu za kusema. Binti yangu na vijana wengine wanne wa kanisa walikuwa wamepewa nafasi, na msichana yule alikuwa na nafasi yake mwenyewe.

Jumapili moja baada ya ibada niliwakuta wamezunguka meza ya plastiki kwenye ukumbi wa kanisa, wamemaliza orodha yao. Binti yangu alinisomea. Dai la kwanza kabisa lilikuwa hili: kijiji kihamishwe chote kwa pamoja, na wazee wake, na shule yake, na jirani abaki karibu na jirani. Baada ya hapo ndipo yalipokuja mengine, visima vipya vya mafuta visichimbwe kwenye bahari ile, meli kubwa zipunguzwe, nchi zilizochafua zilipe.

Damu ilinipanda. Nilikuwa kama fundi anayeona mtu ameshika nyundo kwa upande wa chuma. Niliwauliza kama kweli wanataka kuanza na blanketi. Hawakuelewa, maana vijana wa siku hizi wanazaliwa Durban au wanafika wadogo, na mahari wanaiona kwenye video tu. Nikavuta kiti. Nikawaeleza yote niliyoyaeleza hapo juu, na mengine zaidi, na nilieleza vizuri, Mungu anisamehe. Niliwaambia visima vya mafuta ndio ng'ombe. Vitangulie. Watakataa, mtanyamaza, watajisikia vibaya. Meli ndizo mbuzi. Halafu mwisho kabisa, wakati hawana tena pa kukimbilia, mnasema basi, tupeni hili moja tu, kijiji kihame pamoja. Nani atakataa? Walianza kutabasamu. Kijana mmoja alinisifu, akamwambia binti yangu papa yake ni noma. Nilichukua kalamu na kupanga orodha upya kwa mkono wangu, na dai la kwanza likawa la mwisho.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini niliuliza pia, msichana yule wa kaskazini atasema nini kwenye nafasi yake? Binti yangu alisema atasimulia habari za kijiji chake na bibi yake. Nikasema hapana. Mwenye binti hasemi. Anayeulilia mji wake mwenyewe ataonekana ombaomba, awaachie wengine wamsemee.

"Papa, ule njo anajua mambo yake," binti yangu alisema. "Tuache aseme yeye."

Nilimwambia anayelia hasemi vizuri.  Basi akamwandikia msichana yule ujumbe, kwa sababu mimi ni baba yake na kwa sababu kila mtu kanisani husema kwamba kwa maneno hakuna kama mimi.  Kesho yake msichana akajibu kwamba amekubali. Bibi yake alikuwa amemwambia kwamba hata kwao si vizuri mtu kupiga kelele kwa ajili ya shida yake mwenyewe, na kwamba huyo baba wa Afrika ana akili. Aliirudisha nafasi yake kwa waandaaji, wakampa mtu mwingine. Niliirudia sifa ile ya bibi kazini, nikawasimulia wenzangu wakati wa kula, hata wale ambao hawakuuliza.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana. Nilivaa suti ya bluu, ingawa hakuna ambaye angeniona, kwa kuwa nilikaa pembeni ya kompyuta, nje ya kamera, nikimtazama binti yangu na kioo. Tulikuwa tumefanya mazoezi juma zima. Soma ng'ombe. Nyamaza. Usijaze ukimya, waache waujaze wao. Habari ya dakika tatu nilikuwa nimeisikia, lakini katika mambo yetu nani amewahi kutazama saa? Nimewahi kukaa na wakwe kuanzia chakula cha mchana mpaka mishumaa ikawashwa.

Zamu yake ikafika. Alisalimia, akasema anatoka Durban, akasema maji yalichukua nyumba yetu. Sauti yake ilikuwa imara. Akasoma dai la visima vya mafuta, kisha akanyamaza kama nilivyomfundisha. Kwenye kioo zilikuwa nyuso nyingi ndani ya visanduku vidogo. Hakuna aliyesema. Wakatabasamu kidogo, wakasubiri. Binti yangu alinitupia jicho na mimi nikainua kidole, maana yake ngoja, wacha iwakae. Alingoja. Kijana aliyekuwa akiongoza mkutano akafungua kipaza sauti, akamshukuru. Binti yangu akasema bado hajamaliza. Yule akaomba radhi kwa adabu, akamwambia aendelee. Akasoma dai la meli. Na jamani, akanyamaza tena, kwa sababu nilikuwa bado nimeinua kidole.

Kengele ililia kama ya simu. Kiongozi akasema asante sana kwa maneno yenye nguvu kutoka Afrika Kusini, akamwita mtu wa nchi nyingine.

Binti yangu alibaki mdomo wazi. Kwenye kisanduku kimoja pembeni niliwaona, msichana na bibi yake, walikuwa wamekaa bega kwa bega kusikiliza. Bibi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na alikuwa bado ameinamia kioo, anasubiri. Walikuwa wanasubiri blanketi. Sisi pia tulikuwa tunalisubiri, kana kwamba lingeweza kujisoma lenyewe. Msichana aliinua mkono. Akaandika kwamba lipo jambo halijasemwa. Aliambiwa kwamba orodha ya wasemaji imefungwa, na kwamba kwa bahati mbaya aliirudisha nafasi yake mwenyewe. Mara bibi akaondoka kwenye picha.

Hati ya madai ilipotoka ilikuwa ndefu na nzuri, na visima vya mafuta vilikuwemo, kwa sababu karibu kila kikundi kilivitaja. Hawakutuhitaji sisi kwa visima. Vijana wetu waliandika barua kuomba dai lile moja liongezwe. Jibu lilikuja na maneno matamu, kwamba waliingiza yale tu yaliyosemwa mkutanoni, na kwamba hata hivyo wazo letu limo ndani ya kipengele cha kushirikisha jamii. Nilikisoma kipengele hicho mara tatu kwa msaada wa binti yangu. Hakikuwa na jirani ndani yake, wala beseni la maharage.

Nimezoea kuwaambia vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Binti yangu alilisikia la mkuu. Sijui kuna methali gani kwa hilo, na kama ipo sitaki kuisikia.

Wapo wanaonifariji. Pasta alisema hata kama dai lingesomwa, serikali za huko zisingesikiliza, kwa kuwa watu hao huwa hawasikilizi watoto. Huenda ni kweli. Nimelitumia neno hilo usiku na mchana kama dawa na halijaniponya, kwa sababu likiwa kweli basi hakuna kitu popote ambacho mtu angeweza kufanya, na hilo ni baya kuliko kosa langu. Vijana wenyewe hawakunilaumu. Waliacha tu kuja mezani. Mmoja anatengeneza simu mjini, mwingine anasuka nywele, na ukumbi Jumapili baada ya ibada sasa unafungwa mapema.

Mwezi uliopita niliitwa tena kusemea mahari. Familia ya bi harusi iliniomba nikatazame mablanketi kwenye soko la Warwick Junction, ili nijue la namna gani nitakalolitaja siku hiyo, na binti yangu akasema atanisindikiza. Mama muuzaji alitufunulia moja baada ya jingine, la chui, la maua, la bluu lenye simba, na mimi nikawa nashika kila moja kwa vidole viwili kama mjuzi.  Binti yangu alishika pindo la lile la maua.

"Juu ya nini uliitia mwisho, papa?"

Miezi yote ile alikuwa hajauliza kwa nini dai la kijiji nililiweka mwisho. Nilimwambia ukweli, kwamba ku mahari njo vile tunafanyaka, na kwamba sijawahi kuona ikishindwa.

"Ku mahari, bale banakuja banataka mke," alisema. "Njo maana banakaa, banangoja. Bale ba ku mukutano habakukuja kuoa, papa. Hakuna kitu banatafuta kwetu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesaidia mzee kuvuka barabara.  Kazi yangu yote, ng'ombe, ukimya, blanketi, imesimama juu ya jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria kwa sababu lilikuwepo siku zote: upande wa pili wanakitaka tulichonacho. Wakiondoka mikono mitupu wamepata hasara. Sisi tulikuwa na binti gani wa kuwapa watu wale? Nilimfundisha mtoto kuringa mbele ya watu ambao wangeweza kuondoka bila hata kugeuza shingo.

Muuzaji aliuliza kama tunachukua. Nikasema tunachukua la maua, ingawa nilitumwa kutazama tu, nikalilipia kwa hela yangu.

Tulisimama kwenye robot, taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, blanketi likiwa kwenye mfuko wa nailoni mikononi mwangu. Hapo ndipo binti yangu aliponiambia kwamba amepata ujumbe juzi na hakujua kama anisikilizishe. Kijiji kimehamishwa. Familia zimegawanywa kwenye miji mitatu. Aliniwekea simu sikioni, maana watu walikuwa wengi na magari yalipiga kelele, akawa ananitafsiria kwenye sikio la pili.

Msichana alisema wamepewa nyumba yenye joto, ghorofa ya tatu, na wanashukuru. Walifika mwanzo wa mwezi uliopita. Bibi hajambo, anakula kidogo. Ameweka kiti chake dirishani. Kila asubuhi anauliza jambo moja kwa lugha yao, na msichana alilisema kwa lugha yao kwanza, kisha akalitafsiri, na binti yangu hakulitafsiri, aliondoa simu sikioni mwangu.

Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka wakitupita pande zote mbili. Sisi hatukuvuka. Nilikuwa nahesabu miezi ya mama pale dirishani, bila kutaka, kwa vidole juu ya mfuko wa blanketi: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Binti yangu aliviona vidole vyangu. Kilipofika cha tano aliufunika mkono wangu kwa mkono wake.